Luigi Amedeo wa Abruzzi: mtu wa Margherita aliyeandika hata milima iliyomshinda

BENI – Kila anayesafiri kwa barabara ya Beni hadi Kasindi anaujua mlima huu. Asubuhi, mvua ikiisha kunyesha usiku na mawingu yakiondoka, theluji ya Ruwenzori inaonekana juu ya Mutwanga, nyeupe kabisa, katikati ya joto la bonde la Semliki. Kilele chake kirefu kinaitwa Margherita, mita 5,109. Ndicho kirefu kuliko vyote katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na cha tatu Afrika nzima baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita juu yake.

Jina hilo la Kizungu lina historia. Liliwekwa na mtu aliyefika pale tarehe 18 mwezi wa sita mwaka wa 1906, akiwa wa kwanza anayejulikana kusimama juu ya kilele hicho. Ni Luigi Amedeo wa ukoo wa Savoya, mwana wa ufalme wa Italia, aliyejulikana kama Duke wa Abruzzi. Wakaaji wengi wa Butembo na Beni wamesikia jina la Stanley, lakini la Luigi Amedeo wanalijua wachache. Maisha yake yanafaa kusimuliwa, si kwa sababu alishinda kila mahali, bali kwa sababu safari zilizomshinda ziliandikwa kwa uangalifu uleule kama zile alizofaulu.

Mtoto wa mfalme aliyeacha kiti

Luigi Amedeo alizaliwa tarehe 29 mwezi wa kwanza mwaka wa 1873 katika mji wa Madrid. Baba yake, Amedeo, alikuwa mfalme wa Hispania wakati ule. Majuma mawili tu baada ya mtoto kuzaliwa, baba alijiuzulu ufalme na jamaa wakarudi Italia. Mama yake alikufa mwaka wa 1876, mtoto akiwa bado na miaka mitatu. Akiwa mdogo sana aliandikishwa katika jeshi la majini, na maisha yake yote alibaki askari wa bahari. Jina la Duke wa Abruzzi alipewa mwaka wa 1890.

Likizo zake alizitumia katika milima ya Alpi, inayotenganisha Italia na nchi jirani. Mwaka wa 1894 alipanda Matterhorn kwa njia ngumu ya Zmutt pamoja na Mwingereza Albert Mummery, mmoja wa wapanda milima hodari wa wakati huo. Hapo ndipo watu walipoanza kuona kwamba kijana huyu wa ikulu hakuwa mtu wa kubebwa.

Alaska: wote kumi juu ya kilele

Mwaka wa 1897, akiwa na miaka 24, alikwenda Marekani ya kaskazini kupanda Mlima Saint Elias, mita 5,489, kwenye mpaka wa Alaska na Kanada. Wengine walikuwa wamejaribu mbele yake na kurudi. Alichukua watu wachache aliowaamini: afisa mwenzake wa majini Umberto Cagni, mpiga picha Vittorio Sella, daktari Filippo De Filippi, na waongozaji wa mlima kutoka bonde la Aosta, kati yao Joseph Petigax.

Tarehe 31 mwezi wa saba mwaka wa 1897 Waitalia wote kumi walifika juu. Katika kazi ya milima jambo hilo si dogo. Mara nyingi msafara mkubwa hufikisha watu wawili au watatu kileleni na waliobaki hungoja chini. Hapo Waitalia wote walifika, wakarudi wote.

Ncha ya Kaskazini: ushindi wenye msiba

Safari ya pili kubwa ilikuwa ya barafu ya bahari. Mwaka wa 1899 aliongoza meli iliyoitwa Stella Polare, yaani Nyota ya Ncha, kuelekea Ncha ya Kaskazini ya dunia. Meli ilibanwa na barafu kwenye visiwa vya Franz Josef. Wakati wa baridi kali, vidole vya mkono wa Duke viliganda na daktari akalazimika kukata sehemu ya viwili. Kiongozi hakuweza tena kwenda. Akamkabidhi Cagni kazi ya kuvuta masleji yenye mbwa kuelekea kaskazini.

Tarehe 25 mwezi wa nne mwaka wa 1900 Cagni alifika digrii 86 na dakika 34, mbali zaidi ya mtu yeyote kabla yake. Aliipita rekodi ya Fridtjof Nansen wa Norwe kwa dakika 20 za ramani. Lakini Ncha yenyewe hawakuifikia. Tena watu watatu waliotumwa kurudi kambini walipotea na hawakuonekana tena: luteni Francesco Querini, mwongozaji Felice Ollier na Henrik Støkken wa Norwe.

Italia ilipiga shangwe kwa rekodi. Hata hivyo, hesabu ya safari ile ni nzito: Ncha haikufikiwa na watu watatu hawakurudi kwao.

Ruwenzori: mlima uliowarudisha wengi

Stanley aliutangazia ulimwengu mlima huu wenye theluji baada ya kuuona mwaka wa 1888. Mwaka uliofuata, msafara wake ukipita upande wa Semliki, afisa wake William Stairs alijaribu kupanda kutoka magharibi, yaani upande huu wa kwetu. Alifika karibu mita 3,250, akarudi. Mwaka wa 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipita bonde la Butahu, juu ya Mutwanga ya leo, akafika kama mita 4,060, naye akarudi. Mwaka wa 1905 Mwingereza Douglas Freshfield, mtu aliyezoea milima mingi ya dunia, alirudishwa na mvua. Mwanzoni mwa mwaka wa 1906 Rudolf Grauer wa Austria, na baada yake Alexander Wollaston wa Uingereza na wenzake, walifika kwenye miamba ya Mlima Baker, lakini vilele virefu vya Stanley vilibaki bila kuguswa.

Kwa hiyo Duke hakwenda kwenye mlima asiojua habari zake. Majaribio ya waliomtangulia yalikuwa yamekwisha kuonyesha mambo mawili. Kwanza, adui mkubwa wa Ruwenzori ni mvua na ukungu, kuliko hata barafu. Pili, majira ya kupanda ni mafupi: kutoka mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, na tena mwezi wa sita na wa saba. Yeye alichagua mwezi wa sita.

Aliondoka Napoli mwezi wa nne mwaka wa 1906. Alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Ziwa Viktoria, akavuka hadi Entebbe. Kutoka hapo msafara mrefu wa wapagazi ulitembea hadi Fort Portal, ukaingia bonde la Mubuku. Sella alikuwa tena mpiga picha. Petigax alikuwepo pia, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji wawili waliokuwa wamefika kilele cha Mlima Kenya pamoja na Halford Mackinder mwaka wa 1899.

Kambi kubwa iliwekwa Bujongolo, chini ya jabali kubwa lililotokeza kama paa, karibu mita 3,800. Chini yake kulikuwa na matope yanayofika magotini, miti iliyofunikwa na ndevu za kuvu, na miti ya ajabu ya senesio isiyoota sehemu za chini.

Tarehe 10 mwezi wa sita Duke alifika kilele cha Mlima Baker. Siku hiyo, kwa muda mfupi anga ikifunguka, aliona wazi kwamba vilele virefu vilikuwa ng'ambo, juu ya Mlima Stanley. Tarehe 18, pamoja na Petigax, Ollier na Brocherel, alipanda kwanza kilele kimoja, kisha kupitia ukungu akafuata cha pili kilichokuwa kirefu zaidi. Karibu na juu walikuta ukingo wa barafu uliotokeza nje, wenye vijiti vya barafu vinavyoning'inia kama meno. Walitafuta ufa, wakapenya, wakatoka juu. Kilele cha kwanza aliita Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Cha pili aliita Margherita, kwa heshima ya malkia mama wa Italia.

Hakuishia hapo. Kwa majuma yaliyofuata yeye na watu wake walipanda mlima mmoja baada ya mwingine: Speke, Emin, Gessi, na ule wa kusini. Vilele 16 kwa jumla, pamoja na vilele vikubwa vya milima yote sita.

Wapagazi wasiotajwa

Kuna watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ramani. Wapagazi waliotoka nchi za chini za Buganda walishindwa na baridi na wengi wakarudishwa. Waliobeba mizigo hadi juu walikuwa Bakonjo, wakaaji wa mabonde ya mlima, ndugu wa Wanande wa Beni na Lubero kwa lugha na kwa asili. Walipita kwenye matope na mawe wakiwa miguu mitupu, na mablanketi machache.

Bakonjo walijua mlima huu muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote. Wawindaji wao walilala chini ya majabali kama lile la Bujongolo wakitafuta pimbi. Theluji yenyewe waliiogopa na kuiheshimu, maana ni makao ya Kitasamba, roho mkuu wa mlima. Kwao mlima haukuwa kitu cha kushindwa. Mtu akishika njia ya barafu alikuwa anaingia nyumba ya mwingine.

Kwa hiyo neno la mtu wa kwanza linahitaji kuelezwa vizuri. Duke alikuwa wa kwanza anayejulikana kufika kileleni. Njia ya kufika chini ya kilele ilionyeshwa na wenyeji, na chakula chake kilipanda juu ya migongo yao.

Daftari na barometa

Kitu kinachomtofautisha Duke na wasafiri wengi wa wakati wake ni kuandika. Kila siku ya safari iliandikwa: saa ya kuondoka, hali ya anga, mahali walipofika, sababu ya kurudi. Urefu ulipimwa kwa barometa, na vipimo vya juu vikalinganishwa na vile vilivyochukuliwa kwenye vituo vya chini. Kwa Margherita alipata kama mita 5,125. Vipimo vya leo vinasema 5,109. Kwa vyombo vya mwaka wa 1906, katika mlima ambao jua linaonekana kwa dakika chache, kosa la mita 16 ni dogo.

Ramani iliyotoka kwenye safari ile ilionyesha jinsi milima sita inavyopangwa na mito inavyoshuka. Ilionekana wazi kwamba maji ya pande zote mbili, ya Mubuku na ya Butahu, mwisho wake huingia mto Semliki, na kutoka hapo mto Nili. Mwaka wa 1907 alieleza habari hizo mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London. Mlima wa kusini alikuwa ameupa jina la Thomson, msafiri wa Uskoti. Chama hicho kikaomba uitwe kwa jina lake mwenyewe, na hadi leo unaitwa Luigi di Savoia.

K2: mlima uliomkataa

Mwaka wa 1909 alikwenda Karakorum, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, kujaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mita 8,611. Alijaribu mgongo wa kusini-mashariki akaishia karibu mita 6,250. Akazunguka upande wa magharibi, akakuta njia imefungwa. K2 ilimshinda.

Badala ya kurudi nyumbani, alihamia Chogolisa, mlima wa karibu wenye mita 7,665. Tarehe 18 mwezi wa saba mwaka wa 1909, pamoja na waongozaji watatu, alifika karibu mita 7,500. Ukungu ulifunika kila kitu. Walikuwa wamebakiza kama mita 150 hivi. Mbele kulikuwa na ukingo wa theluji usioonekana mwisho wake, ambao ungeweza kuvunjika chini ya miguu. Walirudi.

Hakuna mtu aliyekuwa amefika juu vile kabla yake, na rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka wa 1922, Waingereza walipojaribu Everest. Lakini kilele cha Chogolisa hakukifikia, na hakuandika kwamba alikifikia. Mwaka wa 1957 ukingo wa theluji wa mlima huohuo ulivunjika ukamuua Hermann Buhl wa Austria, mmoja wa wapandaji hodari wa karne ile. Kilele kilifikiwa mwaka wa 1975 tu.

Na ule mgongo wa K2 uliomshinda? Waitalia Achille Compagnoni na Lino Lacedelli waliupita tarehe 31 mwezi wa saba mwaka wa 1954 wakafika juu. Hadi leo ndiyo njia inayotumiwa na wapandaji wengi, na inaitwa mgongo wa Abruzzi, kwa jina la mtu aliyeujaribu akarudi.

Ukipiga hesabu

Maisha ya Duke yanaonyesha shida inayomkuta kila anayetaka kujua amefaulu mara ngapi, iwe mlimani au katika kazi nyingine.

Zikihesabiwa safari zake kubwa tano, yaani Saint Elias, Ncha ya Kaskazini, Ruwenzori, K2 na Chogolisa, alipata alichokwenda kutafuta mara mbili tu. Hiyo ni asilimia 40. Mwanafunzi wa Butembo akileta nyumbani alama hizo, wazazi hawatafurahi.

Vikihesabiwa vilele alivyolenga katika safari hizo, mambo hugeuka. Saint Elias ni kimoja, Ruwenzori 16, na vilivyomshinda ni viwili. Ni 17 kati ya 19, karibu asilimia 89. Mtu ni yuleyule, milima ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Na hesabu zote mbili zinaacha kitu nje. Hazisemi kwamba Saint Elias ilikuwa na watu kumi waliofika wote, wala kwamba safari ya Ncha iliacha watatu kwenye barafu. Hazisemi kwamba kurudi Chogolisa kulikuwa uamuzi sahihi, pengine bora kuliko vilele vingi alivyovifikia. Ndiyo maana daftari lenye sababu ya kila kurudi lina faida kuliko asilimia peke yake. Aliyekuja nyuma yake alijua kilichomrudisha ni mvua, ni jabali, au ni ukosefu wa chakula. Freshfield alirudi, Duke akachagua mwezi mwingine. Duke alirudi K2, wengine wakajua mahali pa kuanzia.

Vita, Somalia na kaburi

Maisha yake nje ya milima hayakuwa mepesi. Alitaka kumwoa Katherine Elkins, binti wa seneta wa Marekani, lakini ukoo wa kifalme ulikataa na ndoa haikufungwa. Hakuoa tena. Katika vita vya kwanza vya dunia aliongoza meli za kivita za Italia, zilizosaidia kuokoa jeshi la Serbia lililokuwa limesukumwa hadi baharini. Mwaka wa 1917 aliachishwa ukamanda huo.

Kuanzia mwaka wa 1920 alihamia Somalia, koloni la Italia. Kando ya mto Shebelle, pale Jowhar, alianzisha shamba kubwa la miwa na pamba lililoitwa kwa jina lake. Kulikuwa na mifereji, kiwanda cha sukari na nyumba za wafanyakazi. Lakini lilikuwa shamba la kikoloni, juu ya ardhi ya wenyeji, na serikali ya koloni ilishiriki kutafuta wafanyakazi ambao si wote walikuja kwa hiari. Wakongomani ambao babu zao walifanya kazi za lazima wakati wa Wabelgiji hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Mwaka wa 1928 na 1929 alifanya safari yake ya mwisho ya uchunguzi, akafuata Shebelle hadi chanzo chake Ethiopia. Alikuwa tayari mgonjwa. Alikufa Jowhar tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka wa 1933, akiwa na miaka 60, akazikwa hukohuko Afrika kama alivyotaka.

Kinachobaki juu ya Mutwanga

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda Mlima Stanley kutoka magharibi. Kwa njia hiyo upande wa Kongo ulipata njia yake: Mutwanga, Kalonge, Mahangu, Kiondo, hadi kwenye barafu. Sehemu hiyo imo katika mbuga ya Virunga, iliyoandikwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka wa 1979. Lakini mashambulizi ya waasi wa ADF katika teritwari ya Beni yamewaua na kuwakimbiza wakaaji wengi, na njia ya Mutwanga imekaa vipindi virefu bila wageni. Wengi wanaopanda Margherita siku hizi hupitia Uganda.

Barafu nayo inaondoka. Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka wa 1906, wakati wa safari ya Duke, barafu ya Ruwenzori ilienea karibu kilomita za mraba 6.5. Mwaka wa 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba. Ushahidi mmoja mkubwa ni ramani ya Duke na picha za Sella. Anayesimama leo mahali aliposimama Sella, akiwa na picha ile mkononi, anaona jiwe tupu palipokuwa na barafu nene.

Kazi ile ya kuandika na kupima, iliyofanywa ili kujua nani amefika wapi, leo inatumika kupima mlima wenyewe umepoteza nini.